Kesi ya talaka kwa kadhi, tokea kwa sheha mpaka karatasi unaishika mkononi

Assalaam alaykum dada zangu na kaka zangu wa Unguja na Pemba. Nimeandika hii kwa sababu wiki hii tu nimeulizwa na watu watatu suali lile lile, "nimeachwa, nifanyeje", na mmoja katika hao kaachwa tokea mwaka jana kabla ya Ramadhani na mpaka leo hana hata kipande cha karatasi, mume keshaoa mke mwengine, yeye yupo kwao hajui ni mke wa mtu au si mke wa mtu. Mie ni msaidizi wa sheria katika shehia yetu hapa Wete, si wakili na si kadhi, lakini nishakwenda mahkamani na watu wengi na kabla ya hapo nilikwenda na kesi yangu mwenyewe, kwa hiyo ninayoyaandika ni yale ninayoyaona pale kwenye mabenchi na yale ambayo natamani mtu angeniambia siku ile.

Mimi niliachwa kwa mdomo, usiku, hakuna shahidi. Nikafunga mkoba nikarudi kwa mama. Miaka miwili baadae akaja mtu na posa, baba akakubali, tukafika kwa anaefungisha ndoa akauliza karatasi ya talaka iko wapi. Hakuna. Yule bwana nilieachana nae akaulizwa akasema mie sijamwacha, huyo bado mke wangu. Posa ikafa pale pale. Ndo maana utaniona nasema karatasi karatasi mpaka utachoka.

KESI YAKO INAKWENDA WAPI

Kama nyote wawili ni Waislamu, mambo ya ndoa, talaka, matunzo, malezi ya watoto, mirathi, yote yanakwenda Mahkama ya Kadhi ya wilaya. Huku kwetu Pemba wilaya ni nne, Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, na Unguja nako wapo makadhi wa wilaya wa kwendewa. Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Mahkama ya Kadhi namba 9 ya mwaka 2017, ile ya zamani ya 1985 imeshaondoka, na hii ya 2017 imeleta jambo moja kubwa ambalo ntalieleza huko chini kwenye mali. Wasiokuwa Waislamu kesi zao za ndoa zinakwenda mahkama za kawaida, si kwa kadhi.

Kitu kimoja kinachowachanganya sana watu, khasa wale wenye ndugu Dar au Tanga: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya bara, huku Zanzibar haitumiki. Utasikia mtu anakwambia "mbona dada yangu kule alipitia baraza la usuluhishi la kata akapewa fomu", sawa, kule ni kule. Huku mlango wako ni sheha (mkuu wa shehia) na kadhi. Usipoteze nauli ya boti kwenda kutafuta fomu ya bara.

Na kama kuna kupigwa, kutishiwa, kuumizwa wewe au mtoto, hiyo si kesi ya kadhi, hiyo ni jinai. Unakwenda polisi kwenye dawati la jinsia na spitali kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, unatibiwa na unaandikwa, ALAFU ndo talaka inaendelea kwa kadhi kama jambo lake pekee. Usikubali kuambiwa subiri kadhi amalize kwanza. Na ile karatasi ya spitali tunza kopi, itakusaidia kote kuwili.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Hapa ntakaa kidogo kwa sababu kesi nyingi zinaharibika hapa, si mahkamani.

Mila yetu mwanamke akigombana na mume anabeba nguo anarudi kwao. Sasa sheria ya dini haiko hivyo. Kama umeachwa talaka rejea (ile ambayo mume bado anaweza kukurejea), Qur-ani kwenye Suratut Talaq aya ya kwanza inawaambia wanaume wasiwatoe wake majumbani mwao na wao wasitoke, eda inakaliwa pale pale nyumbani. Na kama hujaachwa, umetoka tu kwa hasira bila ya sababu ya kisheria, mume akifika kwa kadhi anasema huyu ni nashiza (mke asi), kaondoka bila ruhusa yangu, na hapo madai yako ya nafaka (matumizi anayopaswa kukupa mume) ya miezi yote ile uliokaa kwenu yanaanza kuyumba. Nimeona mama ana haki kabisa, mume hakuacha posho miezi saba, lakini suali la kwanza aliloulizwa ni "ulitoka lini na ulimwambia nani" na hakuwa na jawabu.

Kwa hiyo ukiona hukaliki, unapigwa au unalazwa na njaa, unaondoka ndio, roho kwanza, lakini siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi unapita kwa sheha unamwambia nimetoka kwa sababu hii na hii, anakuandika. Tarehe ikiwa kwa sheha ni tofauti kabisa na tarehe ya kichwani mwako.

Na ukitoka chukua hivi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa watoto, kitambulisho chako cha Mzanzibari, kadi za kliniki, risiti zozote za vitu ulivyonunua wewe. Kama huwezi kubeba, piga picha na simu, mtumie mtu unaemuamini.

KAMA KAKWACHA KWA MDOMO AU KWA SIMU

Andika. Chukua daftari la mtoto la skuli kama huna jengine, andika tarehe, saa, mlikuwa wapi, nani alikuwepo, na MANENO YENYEWE alivyoyatamka. Usiandike "aliniacha", andika alisema nini. Sababu kadhi atauliza lafdhi, yaani neno lenyewe lililotamkwa. "Nimekuacha" au "nimekupa talaka" ni neno la wazi. Lakini "nenda kwenu" au "mie na wewe basi" ni neno la kuzunguka, hilo linataka ijulikane mume alinuia nini, na yeye ndo atakaeulizwa nia yake, na anaweza kuapishwa. Watu wengi wanafika wamekasirika wanasema kaniacha kaniacha, wakiulizwa katamka vipi kila siku wanasema maneno mengine, na hapo kesi inakuwa ndefu.

Kama ni meseji au watsapu usifute, piga skrinshoti ionekane namba na tarehe, alafu ipeleke ikatolewe fotokopi. Kama ni sauti iache ndani ya simu na simu usiuze. Mume ataitwa aseme ni yeye alietuma au si yeye na alikusudia nini, kwa hiyo usijihesabie wewe mwenyewe kwamba umeshaachika kwa sababu ya meseji ukaanza mambo mengine, peleka kwa kadhi aseme yeye. Hivyo hivyo na talaka tatu za mpigo mmoja, wanavyuoni wana maneno marefu katika hilo, usimuulize jirani wala mtu wa mtandaoni (hata mie), muulize kadhi kwa mambo yako yalivyotokea.

Hesabu ya eda anza siku ya talaka. Anaepata hedhi si miezi mitatu kama wengi wanavyodhani, ni twahara tatu (vipindi vitatu vya kuwa safi na hedhi), kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndo ya wengi wetu huku. Asiepata hedhi ndo miezi mitatu. Mwenye mimba mpaka ajifungue. Mjane ni miezi minne na siku kumi, huyo nimemtaja tu watu wasichanganye. Na alieachwa kabla ya kuingiliwa hana eda.

Kwa nini nakazania tarehe? Kwa sababu ndani ya eda ya talaka moja au mbili mume ana haki ya kukurejea bila ndoa mpya. Ikisha eda hana tena, anataka akurudie mnafunga ndoa upya kwa mahari na ridhaa yako. Sasa mtu anakaa kimya mwaka mzima, siku unataka kuolewa anasema "nilimrejea ndani ya eda mbele ya rafiki yangu". Mimi yamenikuta yanayofanana na haya. Kama talaka ina tarehe na kila mtu anaijua, mlango huu unakuwa mgumu kwake.

KWA SHEHA

Unakwenda na mtu wako mmoja, baba, kaka au shangazi, mtu mwenye maneno ya taratibu. Sheha atamwita mume na atajaribu kuwapatanisha. Msikilizeni, wakati mwengine yanaisha kweli, nimeona ndoa zimerudi kwa kikao kimoja tu cha wazee baada ya alasiri. Lakini ujue mipaka yake: sheha hatoi talaka, havunji ndoa, hagawi mali. Kazi yake ni suluhu, na ikishindikana anakuandikia barua uende nayo kwa kadhi. Kama vikao vinakuwa vitatu vinne, mume haji, unaambiwa subiri baada ya mfungo, subiri baada ya msimu wa karafuu, omba barua yako kwa upole uende. Huna haja ya kugombana nae, mwambie tu mzee naomba uniandikie kwamba umewaita hakuja.

KUFUNGUA KESI

Unafika mahkamani asubuhi mapema, unakwenda kwa karani. Mwambie kwa ufupi unachotaka. Hapa ndo watu wanakosea, anauliza "unadai nini" mtu anaanza kuhadithia tokea siku ya harusi. Madai ni kitu cha kutaja: nadai talaka, nadai nafaka ya miezi kadhaa, nadai matunzo ya watoto wawili, nadai mahari yangu yaliobaki, nadai vyombo vyangu. Yote uliyonayo yaseme mara moja yaandikwe pamoja, usilete moja leo moja mwezi ujao.

Kuna ada ya kufungulia kesi, lipa uchukue risiti. Usimpe mtu pesa ya mkononi bila risiti hata akiwa na shati safi namna gani. Hati ya madai ikishaandikwa usomewe kabla ya kutia saini au dole gumba, na kama kuna kitu si ulichosema, sema kibadilishwe hapo hapo. Usione haya. Namba ya kesi iandike kwenye simu yako na kwenye karatasi.

Kama huwezi kuandika au pesa ya wakili huna, msaada upo. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 huku kwetu, wasaidizi wa sheria tupo mashehiani, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na ZAFELA (hao ni jumuiya ya wanasheria wanawake) wanasaidia watu bure. Wengi wanasimama kwa kadhi wenyewe bila wakili na mambo yao yanakwenda, usiogope.

Baada ya hapo mume anapelekewa wito. Kama yupo Oman au Dubai au bara hajulikani alipo, kesi haifi, mahkama ina njia zake za kumfikishia, kwa jamaa zake au kwa tangazo, na akikaidi baada ya kuitwa inaweza kusikilizwa upande mmoja. Wewe leta namba zake zote za simu na majina ya ndugu zake wa karibu, hiyo inafupisha sana.

TALAKA YENYEWE INA NJIA NGAPI

Hili ndo jambo ambalo nataka kila mwanamke anaesoma alisome mara mbili.

Njia ya kwanza mume mwenyewe anatoa talaka, na mbele ya kadhi anaandika. Hii nyepesi. Haki zako zote ziko pale pale: nafaka ya eda, mahari kama yalibaki, na kitulizo (mut'a), kile ambacho Suratul Baqara aya ya 241 inasema walioachwa wapewe kwa wema. Kitulizo wengi hawakidai kwa sababu hawajui kama kipo. Dai.

Njia ya pili ni khului, huku tunasema kununua talaka. Mke hamtaki mume, anarudisha mahari au wanakubaliana kitu, anaachwa. Ukishakhuluiwa hakuna rejea, mkitaka kurudiana ni ndoa mpya.

Njia ya tatu ni faskhi, kadhi mwenyewe anaivunja ndoa kwa sababu mume ana kosa au ana kasoro inayokubalika kisheria, hatoi matumizi, kapotea, anadhuru. Hapa wewe humlipi mume kitu.

Sasa shida iko wapi. Mwanamke miaka mitatu hajapewa hata shilingi, anasomesha watoto kwa kuuza urojo na vitumbua, anafika kwa kadhi amechoka, mume anasema "akitaka talaka anunue", na yeye kwa kuchoka anasema sawa nitanunua nipumzike. Anakwenda kukopa kwenye kikundi analipa! Dada yangu, wewe ni mwenye kudai, si mwenye kununua. Kabla hujakubali neno kununua, sema kwa sauti mbele ya kadhi, "mimi nadai faskhi kwa sababu hanipi matumizi tokea tarehe fulani, na mashahidi wangu hawa hapa". Itachukua muda zaidi kwa sababu lazima uthibitishe, ndio, jirani aje, mwenye duka unaekopa aje, sheha aje. Lakini ni haki yako. Na kaka zangu, Suratun Nisaa aya ya 19 imekataza kumtaabisha mke ili umnyang'anye ulichompa. Kumnyima mtu chakula mpaka akununue talaka yake ni dhulma, siioni kwa jina jengine.

Kama lakini ni wewe tu humtaki, hana kosa, moyo umetoka, basi khului ni njia ya heshima na hakuna ubaya. Lipa uondoke. Ila kiasi kiandikwe na risiti ya malipo ikae kwenye faili.

SIKU YA KUSIKILIZWA

Vaa vizuri ya stara, fika kabla ya saa tatu, chukua maji na chakula cha mtoto kama unanyonyesha, unaweza kukaa mpaka adhuhuri. Mashahidi wako waje na vitambulisho. Shahidi mzuri ni alieona au aliesikia kwa masikio yake, si aliehadithiwa na wewe. Mama yako mzazi anaweza kuja lakini jirani asiekuwa ndugu anapimwa uzito mwengine.

Kadhi kwanza atajaribu suluhu. Anaweza kutaka kila upande ulete mzee wake wakae, ndo ile aya ya 35 ya Suratun Nisaa, mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Chagua mzee anaesikiliza, usichague anko mwenye makelele. Nishaona mjomba kaharibu kesi ya mpwa wake kwa matusi ya dakika tano.

Ukiulizwa jibu kilichoulizwa. Mume akisema uongo usimkatize, andika kwenye kikaratasi, zamu yako itafika. Kulia si kosa, lia, futa machozi, alafu taja tarehe. Kama hukufahamu suali kwa sababu limekuja na Kiarabu cha kisheria sema "shekhe sijafahamu", ataeleza. Kesi ikiahirishwa usitoke bila kuandika tarehe ijayo, na ukikosa kuja bila taarifa kesi yako inaweza kufutwa, ikabidi uanze upya na ada upya.

WATOTO

Malezi ya watoto wadogo kwa kawaida yanakuwa kwa mama, huko ndo kunaitwa hadhana, mpaka mtoto afike umri wa kupambanua mambo ambao kwa Shafi unakadiriwa kama miaka saba, hapo anaweza kuulizwa anataka kwa nani. Mama akiolewa na mtu baki haki yake ya kutangulizwa inaweza kuondoka, mara nyingi inakwenda kwa bibi mzaa mama. Lakini haya si mashine, kadhi anaangalia mtoto atasalimika wapi, na Sheria ya Mtoto namba 6 ya 2011 nayo inataka maslahi ya mtoto yawe mbele.

Matunzo ni kwa baba, mtoto awe kwa mama awe kwa bibi. Huwa nasikia baba anasema "niletee mtoto ndo ntatoa pesa". Hapana, havifungamani. Nenda na hesabu ya kweli iliyoandikwa: chakula kwa siku, skuli na madrasa, nguo za sikukuu, dawa, nauli. Ukisema "anipe kiasi chochote" utapewa hicho chochote. Na uliza pesa ilipwe kwa njia yenye kumbukumbu, kwa simu au mahkamani, isiwe mkononi mlangoni ambapo kesho atasema nilimpa.

Na ukiwa wewe ndo unaekaa nao usimzuie baba kuwaona. Nasema na akina mama sasa. Mtoto si wa kulipizia.

MALI MLIOCHUMA PAMOJA

Hili ndo jambo la 2017 nililosema. Zamani mwanamke akiachwa anaondoka na kitanda na vyombo, nyumba aliobeba mchanga wake kichwani anabaki nayo mume na mke mpya. Sheria ya 2017 imempa kadhi uwezo wa kugawa mali za wanandoa pale ambapo kuna mchango halisi. Shika hayo maneno mawili, mchango halisi. Maana yake si kwamba mkiachana nusu kwa nusu, maana yake thibitisha ulichotia.

Na hapa ndo wanawake wa huku tunapoumia. Tunalima mwani miaka kumi na tano, tunachuma karafuu, tunacheza upatu, pesa zinakwenda kwenye matofali na mabati, risiti zote zimeandikwa jina la mume kwa sababu yeye ndo aliekwenda dukani Chake. Kwa hiyo kama ndoa yako ni nzima leo na unasoma hii, anza leo: ukinunua mifuko ya saruji risiti iandikwe jina lako. Ukiuza mwani, daftari la mnunuzi liwe na jina lako. Karafuu zikipelekwa kituo cha ZSTC (shirika la serikali linalonunua karafuu), stakabadhi za zile zako ziwe na jina lako. Kikundi cha hisa, kitabu chako kihifadhi. Huko si kumtakia mume mabaya, hata akitangulia mbele ya haki, kwenye mirathi itajulikana kipi chako na kipi cha marehemu.

Kama umeshaachwa na risiti huna, tafuta watu. Fundi aliekujengea anajua nani alikuwa anamlipa. Dereva wa gari la mchanga anajua. Mwenyekiti wa kikundi anajua ulichukua mkopo mwezi gani wa nini. Kaa chini uorodheshe kitu kwa kitu, mwaka kwa mwaka. Mama mmoja niliemsindikiza alikuja na fundi na watu wawili wa kikundi chake cha mwani, hana risiti hata moja, na alisikilizwa vizuri sana kwa sababu maneno ya wale watatu yalikuwa yanaoana na miaka ilikuwa inaoana.

Vyombo vya ndani fanya orodha pia, alivyokuja navyo nani, alivyonunua nani. Zawadi za harusi alizopewa bibi harusi ni zake.

HUKUMU, RUFAA, NA KARATASI

Hukumu ikisomwa sikiliza mwisho wake kwa makini, kimeamriwa nini, nani alipe nini, mpaka lini. Omba nakala siku hiyo hiyo. Kama hukuridhika unakata rufaa Mahkama ya Rufaa ya Kadhi, na juu yake ni Mahkama Kuu ya Zanzibar na hapo ndo mwisho, kesi hizi za kadhi haziendi Mahkama ya Rufani ya Tanzania. Rufaa ina muda wake, ukipita umepita, kwa hiyo kabla hujatoka jengoni muulize karani siku ya mwisho ni tarehe ngapi na aiandike.

Mume akiamriwa kulipa na halipi usikae nyumbani kulalamika kwa majirani. Rudi na namba ya kesi, omba kukazia hukumu, yaani mahkama imlazimishe alipe. Wengi wanadhani kesi ikishasomwa imekwisha, hawarudi, na wanaume wanalijua hilo.

Sasa karatasi. Talaka ikishathibitika, iwe aliitoa yeye, iwe khului, iwe faskhi, hakikisha imeandikwa na inasajiliwa, upate cheti cha talaka. Usajili wa ndoa na talaka upo chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ule ule unaosajili vizazi na vifo. Angalia jina lako limeandikwa sawa na lilivyo kwenye kitambulisho, angalia tarehe ya talaka, angalia kimeandikwa talaka ya ngapi, ya kwanza, ya pili au ya tatu. Kosa la herufi moja rekebisha wiki hiyo hiyo, sio siku ya posa.

Na kaka zangu mnaoacha, karatasi ni yenu pia. Dini imetutaka tushuhudishe waadilifu wawili, iko Suratut Talaq aya ya pili. Ukimwacha mtu kwa simu alafu ukakaa kimya ni kama hujamwacha wala hujamweka, na wewe mwenyewe kesho utashindwa kukumbuka ilikuwa talaka ya pili au ya tatu, na hilo si jambo la kukisia.

Ukishapata cheti toa fotokopi tatu, moja mpe walii wako, moja weka kwa mtu mwengine wa nyumba nyengine kwa sababu ya moto na mvua za masika. Yenyewe itie ndani ya nailoni. Mie yangu niliipata mwaka wa tatu, baada ya kufungua kesi, kuleta shahidi mmoja ambae alimsikia yule bwana akijisifu barazani kwamba keshaniacha, na yeye kuapishwa. Ipo kwenye sanduku la mama chini ya kanga, na posa iliyofuata baba alipoulizwa karatasi iko wapi aliinuka mwenyewe kwenda kuileta.